Usalama wa Nani?

Mpira huwaka kwa urahisi. Mwaka 1950, katika mgodi wa makaa wa Creswell, Uingereza, ukanda wa mpira uliokuwa ukibeba makaa ulichanika, ukasuguana hadi ukashika moto. Wanaume 80 walikufa. Kwa hiyo sikubaliani na anayesema kemikali za kuzuia moto ni anasa tu.

Lakini kinga nayo ilizaa madhara. Kwa miongo mingi viwanda vilitia kemikali zenye bromini katika plastiki, sponji na mipira. Nyingine hazikutulia humo. Zilitoka na vumbi, zikaingia mwilini, zikapatikana hata katika maziwa ya mama. Mkataba wa Stockholm uliorodhesha baadhi yake mwaka 2009 na nyingine mwaka 2017 ili zitokomezwe. Je, ni haki kumkinga mmoja na moto kwa kumtwisha mwingine sumu ambayo hakuulizwa kama anaitaka?

Sasa watafiti wanageukia mimea: tanini ya magome ya miwati, lignini ya mbao, asidi ya fitiki ya pumba za mpunga. Asidi hii ina fosforasi nyingi. Ikipata joto husaidia uso wa mpira kugeuka gamba la mkaa linalozuia moto kupenya. Nasoma kemia katika shahada ya uzamili, na habari hizi zinanifurahisha. Kinachonitia shaka ni neno "asilia". Likishatamkwa, maswali hupungua.

Asidi hiyohiyo, ikiwa kwenye nafaka tunayokula, hushika madini ya chuma na kuuzuia mwili kuyafyonza. Muhogo mchungu una sianidi, na hakuna kiwanda kilichoitia. Bibi zetu hawakuuamini kwa sababu tu umetoka shambani. Waliumenya, wakauloweka, wakauanika, ndipo wakala.

Huo ndio utaratibu ninaoutaka maabara. Kemikali za bromini ziliuzwa kwanza, kisha walioathirika wakadaiwa ushahidi. Tukifanya vivyo hivyo kwa mimea, tutakuwa tumebadilisha malighafi tu. Asidi ya fitiki huyeyuka majini: je, itabaki ndani ya mpira mvua zikinyesha? Imechanganywa na nini? Ukanda uliochakaa ukichomwa jalalani, nani atavuta moshi wake? Anayeuza ndiye anayepaswa kujibu, tena kabla ya kuuza. Mchimba makaa anastahili kinga, na anayeishi jirani na jalala vilevile.