Wanaume Wasiozaliwa

Mtu ambaye hakuzaliwa, asiye na kitambulisho wala kaburi, anawezaje kumwelekeza mtu mwenye damu? Kila mwandishi ana mwanaume wa namna hiyo, pengine kundi zima, na akiulizwa nani alimfundisha kazi huwataja hao kabla ya mwalimu wake wa darasani. Jibu la haraka ni kwamba tunawapenda, kisha tunawaiga. Mimi silikubali. Ingekuwa hivyo, Kenya ingejaa vijana wenye moyo wa Amani, kwa maana riwaya ya Ken Walibora, Kidagaa Kimemwozea, ambayo Amani ni mhusika wake, ilisomwa katika kila shule ya sekondari kwa miaka kadhaa kabla ya riwaya ya Chozi la Heri kushika zamu, na Amani husamehe hata asiyestahili. Sijawaona vijana hao, si hapa Rhonda wala kwingineko Nakuru.

Wanaume ndio nitakaowazungumzia, na ni kwa makusudi. Katika mtaa huu unaopakana na ua wa mbuga ya Ziwa Nakuru, mvulana hupewa mifano mingi ya namna ya kuwa mwanaume, na michache kati yake imefikiriwa na mtu yeyote.

Chukua Kongowea Mswahili wa Siku Njema, riwaya ya Walibora iliyotoka 1996. Anaondoka Tanga kumtafuta baba yake hadi upande wa Kitale. Anayetoka Pwani kwenda Kitale hupita Nakuru, kwa hiyo kwa hesabu ya ramani Kongowea alikuwa jirani yetu kwa dakika chache. Hana mwili, lakini ana njia, na njia hiyo tunaijua hadi matuta yake. Wavulana waliolelewa na mama au nyanya hawakuhitaji mwongozo wa mtihani kumwelewa. Walimpenda mara moja. Kwa mwandishi, hata hivyo, mapenzi hayo ni mtego. Chipukizi anayempenda Kongowea humzaa upya katika kila hadithi: kijana maskini, mwerevu, anayeonewa, ambaye mwishowe mambo humnyookea. Jina hubadilika, mtu ni yule yule.

Shule nayo huongeza shida. Swali la mtihani huwa ni kujadili sifa za mhusika, na mwanafunzi huorodhesha: mvumilivu, msamehevu, mwenye bidii, kila sifa na ushahidi wake. Alama zinapatikana, lakini mtu anapotea. Hakuna mtu aliyewahi kuishi kwa kuwa mvumilivu tu. Aliishi kwa kuvumilia Jumatatu na kushindwa Jumanne, na kati ya siku hizo mbili ndimo hadithi ilimo. Nadhani ndiyo sababu Amani hakunifunza mengi. Anaingia Sokomoko, mahali pa riwaya, akiwa mwema na anamaliza akiwa mwema. Ninamheshimu jinsi mtu anavyomheshimu mzee wa kanisa, na sina la kubishana naye.

Aliyenifaa ni Majisifu wa riwaya hiyo hiyo. Mwalimu mlevi, ndugu ya Mtemi Nasaba Bora, anaiba mswada wa Amani na kuuchapisha kwa jina lake. Walibora akafanya utundu mmoja wa kutisha: kitabu kilichoibwa ndani ya hadithi ndicho chenye jina la kitabu ulichoshika mkononi. Msomaji wa kawaida hucheka na kumlaani mwizi. Mwandishi hawezi kucheka sana. Kila anapokaa kuandika ana mali ya watu kichwani: sentensi aliyoisikia kwenye matatu ya Kaptembwa, kisa cha jirani, sauti ya mwandishi aliyemsoma ujanani. Majisifu humkalia begani akimuuliza, hii ni yako? Mhusika mwema hajawahi kuniuliza swali gumu kama hilo.

Na swali lenyewe halina jibu jepesi. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alipomtoa mpelelezi Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, 1960, kiko mdomoni na msaidizi wake Najum pembeni, kila mtu aliyemsoma Conan Doyle alimwona Sherlock Holmes. Je, huo ulikuwa wizi? Nasema hapana, kwa sababu Bwana Msa asingeweza kuishi London hata siku moja. Fumbo analolifumbua limefumwa kwa mizimu, uoga na adabu za Unguja. Holmes angepita juu yake bila kuliona. Majisifu alichukua kitu akakiacha kilivyo, jalada pekee likabadilika. Abdulla alichukua mtu akamlazimisha kujibu maswali mapya hadi akawa mwingine. Kumbe kinachomtenga mrithi na mwizi ni ugomvi: umemhoji uliyempokea, au umemhamisha tu?

Doyle mwenyewe aligombana na Holmes kwa namna ya kusikitisha. Alimuua 1893, wasomaji wakakasirika, na miaka kadhaa baadaye akalazimika kumrudisha. Mtu asiyekuwepo alimshinda mtu aliyekuwepo. Walibora naye alifariki Aprili 2020, baada ya kugongwa na gari jijini Nairobi, na Majisifu angali anaiba mswada ule kila kitabu kinapofunguliwa.

Nakuru ina mwanaume wake wa kubuni, ingawa wengi mjini hawamjui. Ni Vikram Lall, katika riwaya ya M. G. Vassanji iliyotoka 2003, The In-Between World of Vikram Lall. Tunakutana naye akiwa mtoto hapa Nakuru mwaka wa 1953, wakati wa hali ya hatari, katika familia ya Wahindi wenye duka. Akiwa mtu mzima amejificha Kanada, akihesabiwa miongoni mwa mafisadi wakubwa wa Afrika, na anasimulia maisha yake kwa sauti tulivu, karibu ya upole. Ukurasa baada ya ukurasa unamwelewa, na kadiri unavyomwelewa ndivyo unavyojishuku. Hapo ndipo nilipoona kwamba kumwelewa mtu na kumsamehe ni kazi mbili tofauti, na kwamba riwaya hudai ile ya kwanza tu.

Lakini Nakuru ya Vikram ni ya maduka na reli. Rhonda haimo. Rhonda imo katika taarifa za polisi. Mwaka wa 2022 magazeti yalijaa jina la genge la Confirm, lililohusishwa na mauaji, na kwa majuma kadhaa kijana yeyote wa upande huu wa mji alikuwa mshukiwa kabla hajafungua mdomo. Simtetei muuaji. Ninachosema ni kwamba taarifa hueleza alichofanya mtu, saa na mahali, kisha inanyamaza. Haiwezi kuingia katika ile dakika aliyokuwa bado hajaamua, na dakika hiyo ndiyo pekee iliyo na uhuru ndani yake. Kwa hiyo mwanaume wa kubuni ana manufaa ambayo mwanaume halisi hawezi kutupa: anaturuhusu tuingie kabla ya uamuzi. Ya jirani yangu sitayajua kamwe, hata akinieleza. Atanieleza akiwa tayari amejitetea.

Ndiyo maana katika Chozi la Heri ya Assumpta Matei simfuati sana Ridhaa, daktari ambaye nyumba na jamaa zake wanateketezwa. Machozi yangu yako kwake, ila kalamu yangu iko kwa Mzee Kedi, jirani wa miaka mingi anayeongoza uchomaji. Riwaya inamwonyesha kutoka nje. Mtu aliyekuwa Nakuru mwishoni mwa Januari 2008, machafuko yalipoufikia mji huu, atataka kujua zaidi: Kedi alikunywa nini asubuhi ile, alimwitikiaje Ridhaa salamu ya mwisho, aliushika ule moto kwa mkono gani? Mhusika aliyekamilika humpa mwandishi faraja. Aliyeachwa nusu humpa kazi ya kufanya.

Wewe unayeandika Rhonda, kwenye simu au daftari, mpumzishe shujaa wako kidogo. Mtafute yule usiyemtaka nyumbani kwako: mwenye nyumba anayeng'oa mlango kwa sababu ya kodi ya mwezi mmoja, au mwendesha boda aliyejua abiria wake anakwenda kufanya nini na bado akampeleka. Usimbatize jina linalomhukumu. Mhoji hadi akushinde hoja moja, na usimsamehe kabla ya ukurasa wa mia.