Aibu Hii ni ya Nani?

Mwaka 2008 Makumbusho ya Sanaa ya Hood, katika chuo cha Dartmouth huko Marekani, yalitundika picha za wanawake wa Kiafrika zilizopigwa enzi za ukoloni, wengine wakiwa nusu uchi. Pamoja nazo ziliwekwa kazi za wasanii wa leo, kuwajibu wapiga picha wale. Nia ilikuwa njema: kufundisha. Lakini, ndugu msomaji, mwanamke yule hakuombwa ruhusa mara ya kwanza, wala ya pili. Je, tuzifiche picha hizo? Hapana. Ubaya ukifichwa husahaulika, na aliyeutenda huponyoka. Zionyeshwe, ila kila mtazamaji ajiulize: lau huyu angekuwa mama yangu mzazi, ningemtazama hivi?