Kelele Zetu Wenyewe

Hapa kwetu Kahe, kwenye tambarare iliyo chini ya Mlima Kilimanjaro, joto la mchana huchelewa kuondoka. Usiku mmoja wa Januari mjukuu wangu alisimamisha kamera yake uani, akaielekeza kwenye nyota za Kilimia juu ya mlima, akaacha lenzi wazi kwa sekunde 15. Picha ilipotokea nilishangaa. Pamoja na nyota, anga lilijaa chengachenga na vidoa vyekundu na vya buluu ambavyo macho yangu hayakuviona huko juu.

"Hizo tunaziita kelele, Babu," aliniambia. "Nyingine ni za kamera yenyewe."

Akanieleza kwamba kihisio cha mwanga kilichomo ndani ya kamera kikipata joto huzalisha umeme kidogo hata pasipo mwanga, nayo kamera huuhesabu umeme huo kama mwanga. Kadiri joto linavyozidi na picha inavyochukua muda mrefu, ndivyo uongo huo unavyoongezeka. Kwa hiyo kamera hiyo hiyo, ikipelekwa kwenye baridi ya Marangu, hutoa vidoa vichache zaidi.

Je, kuviondoa vidoa hivyo si kudanganya? Nilimwuliza hivyo kwa kuwa miaka yangu yote ya ualimu niliwakataza wanafunzi kurekebisha majibu ili yapendeze. Hakunijibu kwa maneno. Alifunika lenzi kwa kifuniko chake, akapiga picha nyingine ya sekunde 15 katika joto lile lile. Picha hiyo ya giza tupu ilikuwa na vidoa vile vile, mahali pale pale. Basi havikutoka mbinguni, vilikuwa vya kamera. Kompyuta ilipotoa picha ya pili katika ile ya kwanza, vidoa vikatoweka, nyota zikabaki.

Hata hivyo chengachenga nyingi zilibaki, maana hizo hazina mahali maalumu. Kila picha huja na zake. Dawa yake ni subira. Alipiga picha 16, akazipanga nyota juu ya nyota, akatafuta wastani. Kelele hizo zikashuka hadi kiasi cha robo. Iko pia njia ya mkato, yaani kuilainisha picha moja kwa programu, lakini ikitumiwa kwa pupa hufuta na nyota hafifu.

Hapo nilinyamaza, kwani nilimkumbuka mwanafunzi mmoja. Katika miaka ya 1980, nikiwa mwalimu mkuu, fedha za michango zilipotea. Shahidi mmoja alimtaja kijana huyo, nami nikamfukuza siku ile ile. Kabla muhula haujaisha, fedha zilionekana ndani ya daftari la mahudhurio kabatini mwangu, nilimoziweka mwenyewe. Nilituma aitwe, lakini alikwisha kwenda kukata miwa.

Kwa miaka mingi nilidhani kosa langu lilikuwa kumsikiliza shahidi mmoja badala ya wengi. Ni kweli, lakini ni nusu tu. Kabla ya shahidi kusema neno, mimi nilikuwa na hofu ya kukaguliwa, na kijana yule alikuwa amenikera kwa maswali yake. Hata mashahidi 16 wasingeniponya hayo, kwa sababu yalikuwa yangu na yangekuwapo kila mara. Wahenga walisema nyani haoni kundule.

Siku hizi nikitakiwa kuamua ugomvi wa majirani, kwanza hujiuliza: kama mtu huyu asingekuwa mbele yangu, je, hasira hii ningekuwa nayo? Kama ndiyo, basi ni yangu, na sina budi kuitoa kwanza.

Kijana yule sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu. Nilimwendea nikamwomba radhi, akanikaribisha kiti na kunisamehe. Lakini darasa la saba hakulimaliza, na hilo hakuna hesabu itakayolirudisha.