Je, Kumtaja Shetani ni Kumwabudu?



Wazazi wengi hufadhaika wanapomkuta kijana wao akisikiliza ule muziki mzito wa magitaa ya umeme uitwao hevi metali, na hasa nyimbo za kikundi cha Black Sabbath cha Uingereza. Jina lenyewe, yaani "Sabato Nyeusi", latisha. Basi wengine hukata shauri papo hapo: huu ni muziki wa shetani. Je, hukumu hiyo ni ya haki?

Yafaa kwanza tujue muziki huo ulitoka wapi. Vijana wanne wa Aston, mtaa wa watu wa kazi katika mji wa Birmingham, walianza kupiga pamoja mwaka 1968. Mpiga gitaa, Tony Iommi, alikuwa amekatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani akiwa na miaka 17. Alijitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki iliyoyeyushwa, na baadaye akazilegeza nyuzi ili zisimwumize. Uzi uliolegea hutoa sauti ya chini. Kwa hiyo uzito ule ambao watu husema umetoka kuzimu, kwa sehemu ulitoka katika jeraha la mfanyakazi.

Pili, maneno. Mengi yaliandikwa na mpiga besi, Geezer Butler, aliyelelewa katika Kanisa Katoliki. Katika wimbo wenye jina la kikundi, wa mwaka 1970, husikika mvua na kengele ya kanisa, kisha mtu aliyejaa hofu humwomba Mungu amsaidie. "War Pigs", wa mwaka huo huo, huwashutumu wakubwa wanaopeleka maskini vitani, na mwishoni wakubwa hao hukutana na hukumu ya Mungu. "Hand of Doom" huonya juu ya heroini. "After Forever", wa mwaka 1971, humtetea Mungu mbele ya wanaomdhihaki.

Basi, kumtaja shetani si kumwabudu. Kitabu cha Ayubu humtaja, Injili humtaja, na sisi wenyewe humkana katika ubatizo. Anayemsingizia mwenzake ibada asiyoifanya huvunja amri ya tisa, hata kama anadhani anaitetea imani. Tukumbuke kwamba wamisionari wengi waliwakataza babu zetu ngoma, wakidai ni za kipagani; leo ngoma hizo huongoza sifa makanisani mwetu.

Lakini tusikimbilie kusema kwamba hakuna neno. Jina la kikundi lilitoka katika filamu ya kutisha ya mwaka 1963. Vijana wale walistaajabu kwamba watu hulipa fedha ili watishwe, nao wakaigeuza hofu kuwa bidhaa. Ndani ya jalada la santuri yao ya kwanza, kampuni ilichora msalaba uliopinduliwa bila kuwashauri. Mwaka 1982 mwimbaji wao wa zamani, Ozzy Osbourne, alimng'ata popo kichwa jukwaani huko Des Moines, Marekani. Alisema alidhani ni wa mpira. Ulevi na dawa za kulevya viliwatesa miaka mingi. Mtu mzima hutambua mchezo. Mtoto wa miaka 12 huenda asitambue. Anayefanya biashara kwa alama za uovu hana budi kujibu kwa ajili ya wadogo wanaozichukua kuwa kweli.

Hata hivyo, matunda ya mti hayaonekani kwa siku moja. Tarehe 5 Julai 2025 wanne wale walikutana tena katika uwanja wa Villa Park, pale pale Aston. Osbourne, mgonjwa wa Parkinson, aliimba ameketi. Mapato yaliahidiwa watafiti wa ugonjwa huo, hospitali ya watoto ya Birmingham, na nyumba ya kutunzia watoto wasiotarajiwa kupona. Siku 17 baadaye alifariki.

Basi mzazi asiulize tu, "Je, wimbo huu wamtaja shetani?" Aketi na mwanawe, wausikilize pamoja, waufafanue, kisha amwulize: "Ukiisha kuusikia, je, unawahurumia watu zaidi, au unawachukia? Unauogopa uovu, au unaucheka?" Maswali hayo yaulizwe hata juu ya nyimbo zenye jina la Mungu, kwa maana zipo zinazomtaja kila mstari, wala hazimheshimu.

Mungu atujalie kupambanua roho pasipo kuwaonea watu.