Nunua Gari, Jenga Dereva

Sikieni, ninyi mnaopiga hesabu usiku wakati wenzenu wamelala! Ninyi wa Indianapolis, wa Columbus, wa Louisville, mliotoka Bukavu na Kigoma na Mombasa mkapata kazi za maghala na viwanda, na sasa Mungu amewajalia nyumba yenye gereji ya magari mawili. Jumamosi moja mlipelekwa uwanja wa dragi. Mkaona magari mawili yakisogea mbele ya ule mti wa Krismasi, taa za njano zikashuka, ya kijani ikawaka, kifua kikatetemeka, na tangu siku hiyo hamna raha. Mnataka la kwenu. Tena si la kupigia kelele mtaani, bali gari la daraja, lenye herufi zake kiooni, la kushindana katika Stock au Super Stock chini ya sheria za NHRA, chama cha mbio za dragi cha Marekani. Swali linalowatafuna ni moja: nijenge au ninunue?

Nunua! Nasema nunua, na sitaki unisikie nusu.

Najua utakachojibu. Umeshaliona ganda la Camaro ya 1985 nyuma ya banda la mtu, bei ya kutupa. Injini itapatikana kwa wauza skrepa, shemeji anajua kuchomelea, nawe mwenyewe ulishika spana tangu utoto. Ee ndugu, hapo ndipo wengi walipopotelea! Yule mjenzi wa mnara katika Injili ya Luka hakukosa mawe wala mafundi, alikosa kukaa chini akahesabu. Basi kaa chini. Ganda umelipata, haya. Difu ya kuhimili mshtuko wa kuondoka, iko wapi? Giaboksi, konveta, breki, tenki, nyaya, kiti, mikanda, matairi laini, rimu zake, kizimba cha vyuma cha kumlinda dereva, na fundi wa kuchonga silinda ambaye foleni yake ni ya miezi. Umemaliza? Hujaanza. Bado bolti na nati, mipira ya mafuta, rangi, trela la kulibebea, na kila kipuri ulichonunua kikakataa kuingia ukalazimika kununua kingine.

Vyote hivyo utavilipa bei ya dukani, kimoja kimoja, huku mwenzako aliyekwisha kujenga analiuza lake lote kwa pungufu ya jumla ya vipuri vilivyomo, na jasho lake la miaka halilipwi hata senti. Hiyo ni kawaida ya biashara hii, na wanaoijua wanaitumia. Je, ni dhambi kupokea jasho la mwingine lililouzwa kwa hiari yake? Si dhambi! Dhambi ni kuwaambia watoto kila Krismasi kwamba mwaka ujao baba atakimbia, na kumfanya mama yao aegeshe gari lake thelujini kwa ajili ya ganda lisilo na magurudumu.

Tena hujaijua sheria ya daraja lenyewe, na hapa nataka unifuate polepole. Katika Stock huingizi gari kwa kupenda. Lazima modeli yake na injini yake viwemo katika kitabu cha NHRA, na kila muunganiko wa ganda na injini umeandikiwa uzito wake na nguvu zake za farasi. Uzito ukigawanywa kwa nguvu, ndipo herufi ya daraja inapopatikana. Kabureta iwe ya aina iliyotoka kiwandani. Silinda hedi ziwe zinazokubaliwa kwa injini hiyo, na njia zake za hewa zisikwanguliwe wala kusuguliwa. Kamshafti unaweza kubadili muda wa valvu kukaa wazi, lakini kimo cha kuinuka kwake kibaki kile kile cha kitabuni. Upana wa tairi za nyuma usizidi inchi 9. Ukihamia Super Stock, kamba inalegezwa: tairi pana zaidi, kamshafti kali zaidi, na mfuko unaotoboka haraka zaidi.

Unaona mtego? Mjenzi mgeni anajenga kwanza, halafu anafungua kitabu. Anagundua hedi zake hazitambuliki, au kwamba muunganiko wake umekwishabebeshwa nguvu nyingi kwenye karatasi hata hauwezi kushindana. Maana NHRA hawalali: magari ya muunganiko fulani yakikimbia chini mno ya indeksi yao, yaani muda uliowekwa kwa daraja hilo, nguvu za muunganiko huo huongezwa kitabuni. Ulichokichagua miaka mitatu iliyopita kwa sababu kilikuwa chepesi, siku utakapokaza bolti ya mwisho kimeshakuwa mzigo. Aliyenunua Machi akakimbia Aprili hapatwi na hilo.

Na kukimbia ndiko hasa! Hebu niambie, mbio hizi hushindwa kwa nini? Kila dereva anaandika kiooni muda anaoamini gari lake litatumia hadi mwisho wa robo maili, zile mita 402. Mwenye 12.00 akikutana na mwenye 10.50, huyo wa polepole anaondoka sekunde moja na nusu mapema. Ukiwahi taa, umekwenda na maji. Ukikimbia haraka kuliko ulichoandika, na mwenzako akabaki ndani ya muda wake, umeshindwa kwa kujizidi mwenyewe. Kwa hiyo anayetwaa lile kombe dogo liitwalo Wally, kwa jina la Wally Parks aliyeanzisha NHRA mwaka 1951, mara nyingi si mwenye gari kali zaidi. Ni yule ambaye jicho lake na mguu wake vimezoeana na taa, anayejua gari lake litapoteza kiasi gani hewa ikipata joto saa nane mchana, anayejua wakati wa kukanyaga breki kidogo kabla ya mstari. Hayo hayafundishwi na mashine ya kuchomelea. Shirley Shahan alipokuwa mwanamke wa kwanza kushinda mashindano ya kitaifa ya NHRA, Pomona mwaka 1966, ndani ya Plymouth, hakuwa mgeni wa usukani. Alikuwa ameshakimbia miaka.

Kuna mahali pamoja ambapo nguvu tupu huamua, nisiwafiche: wawili wa daraja lile lile wakikutana, wanaondoka pamoja na anayetangulia ndiye. Siku hiyo utalilia injini. Lilia! Lakini uililie ukiwa na gari linalotembea, utoe injini yake majira ya baridi, uichonge upya, uirudishe. Mikono yako itapata kazi, usihofu.

Sasa, nisikilizwe na wale wenye haraka ya upande wa pili, wenye pesa na pupa. Kununua nako kuna kuliwa. Usimwulize muuzaji gari linakimbia muda gani, mwulize kama wakaguzi waliwahi kuifungua injini hiyo na ikakutwa halali. Injini za Stock hufunguliwa, hedi hupimwa ujazo, kamshafti hupimwa kimo, na gari lililopita ukaguzi huo lina thamani kuliko rangi yake. Kama linakimbia 9.99 au chini, tafuta kibandiko cha ukaguzi wa chasisi na usome tarehe yake, maana kinaisha baada ya miaka mitatu, nawe mwenyewe utahitaji leseni ya mashindano na cheti cha daktari. Geuza mikanda usome tarehe. Dai daftari la mbio, lenye hali ya hewa na muda wa kila mpito. Asiye na daftari, mpite.

Na magari ya kiwandani? Yapo, na yanatia wazimu. Mwaka 1968 Chrysler walitoa Dart na Barracuda za injini ya Hemi zisizoruhusiwa barabarani, na hadi leo zina daraja lao la kutisha. Ford walirudi na Mustang Cobra Jet ya 2008, magari 50. Chevrolet wakatoa COPO Camaro 69 mwaka 2012, kukumbuka zile 69 za ZL1 za mwaka 1969. Ukiwa na fedha hizo, hunihitaji mimi. Ila usikope benki kwa ajili ya gari lisilokubeba hata kwenda kanisani.

Bado yuko mmoja amekunja uso. Anasema furaha yake ni kujenga, kukimbia ni ziada tu. Ndugu huyo simkemei. Jenga, lakini ufungue kitabu kabla ya spana, uchague daraja kabla ya ganda, na usimdanganye mtu kwamba unaokoa pesa. Ninyi wengine wote, wikendi ya Labor Day nendeni Indy, kwenye U.S. Nationals. Msigande jukwaani mkisubiri magari yanayochoma nitro. Pitieni huku nyuma, walikoegesha matrela watu wa Stock na Super Stock, msome vioo. Kwenye vingine, pembeni ya herufi za daraja, kuna karatasi iliyoandikwa kwa mkono kwamba gari linauzwa, na mwenyewe ameketi hapo hapo kivulini na daftari lake.