Ukistaafu, Gari Utarudi Nayo?

Mtumishi wa serikali akifika miaka 60 anafunga ofisi, anarudi nyumbani. Wengi wanaobaki na mwaka mmoja au miwili wanajiuliza: hii gari nirudi nayo Kakamega, ama niiuze huku Nairobi?

Kuwa na gari si dhambi. Lakini katika Luka 14:28 Yesu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba lazima kwanza aketi apige hesabu. Kiinua mgongo huja mara moja tu. Gari nayo inakula kila mwezi: mafuta, bima, matairi, fundi. Kama unaingia mjini mara moja kwa wiki kutoka Khayega ama Malava, nauli ya matatu itakutosha.

Wengine tunasema, "Ni ya kusaidia watu." Hapo ndipo moyo unapimwa. Mke wa jirani akishikwa na uchungu saa nane usiku, utaamka? Utaweka mafuta bila kumdai? Kama ndiyo, hiyo gari ni huduma, irudi nyumbani hata kama ni kuukuu. Lakini kama ni ya kuoshwa Jumamosi ili ionekane kanisani Jumapili, unachoma pesa ya dawa zenu za uzeeni.

Na asiye na gari bado anaweza kumlipia mgonjwa bodaboda.

Wiki hii keti na mwenzako. Andikeni hesabu, muiombee, kisha muamue pamoja.