Msiizike Betri Ingali Hai

Wanangu, haya nimeyasema hata nyinyi mnaweza kunikariria, lakini kujua si kutenda. Bado simu yangu inalia alfajiri: "Mzee, gari limekufa, naomba unionyeshe pa kununua betri." Betri ya pili hiyo, na mwaka haujaisha. Gari halijafa, na betri yenyewe huenda haina kosa lolote. Kaeni kidogo mnisikilize.

Betri hulaumiwa kwa sababu ndiyo inayoonekana imezimika. Lakini haijilishi yenyewe. Hulishwa na altaneta, hupokea na kutoa kupitia nyaya, kisha huliwa na kila kifaa mlichokipachika garini. Kabla ya kuihukumu, ulizeni kwanza: nani anailisha, na nani anaila?

Tuanze na anayeilisha. Nunueni mita ndogo ya umeme, haishindi bei ya mlo wa wawili hotelini. Asubuhi, kabla hujawasha gari, pima: betri iliyoshiba husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.4 imebaki kama robo tatu, na ikifika 12.0 iko karibu na tupu. Kisha washa injini, upime tena. Kwa magari mengi isome kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki kwenye 12 na kuendelea kushuka, altaneta hailishi, au mkanda wake umelegea unateleza. Hapo hata ukiweka betri mpya, utasukumwa na vijana wa barabarani kabla ya wiki kwisha, na kama gari lako ni la otomatiki, hata kusukumwa hakutasaidia. Ikipita 15, altaneta inailisha kupita kiasi, maji ya ndani yatakauka. Kipimo hiki ni cha dakika mbili, lakini mnaona uvivu, mnakimbilia mfukoni.

Sasa nyaya. Sisi wa Pwani tunaishi na hewa ya chumvi, na chuma chochote huku kinaliwa. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri, umeme unapita kwa shida. Shika kibano cha waya ujaribu kukizungusha kwa mkono. Kikicheza, umepata mwizi. Fungua waya wa hasi kwanza, ndipo chanya. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, utaona cheche ambayo hutaisahau. Osha kwa maji ya moto yaliyotiwa soda ya kuokea, yasiingie ndani ya betri. Sugua kwa brashi ya waya, kausha, rudisha chanya kwanza na hasi mwisho, kaza, kisha paka grisi kidogo. Na betri ifungwe isirukeruke, maana mtikisiko wa barabara zetu huvunja vibao vya ndani.

Wanaoila ndio wengi, na wengine mmewaalika wenyewe. Tazameni foleni ya feri pale Likoni. Injini imezimwa ili kuokoa mafuta, vizuri, lakini redio inaimba, feni inavuma, simu mbili zinachajiwa na taa zinawaka. Taa kubwa za kawaida pamoja na zile ndogo hula ampea 10 hivi. Betri ya N50 ina ampea-saa 50, basi fanyeni hesabu. Halafu mnataka stata, inayovuta ampea mia na zaidi kwa mkupuo mmoja, igeuze injini!

Yuko pia mlaji wa usiku: alamu, traka, redio mpya iliyounganishwa na fundi wa haraka moja kwa moja kwenye betri. Gari likiwa limezimwa na kufungwa, mvuto wa umeme usizidi ampea 0.05 hivi. Mwambieni fundi umeme aweke mita kati ya kichwa cha hasi na waya wake, kisha atoe fyuzi moja moja mpaka mlaji ajulikane. Na gari lisiloendeshwa majuma kadhaa lichajiwe, au waya wa hasi ufunguliwe. Betri ikilala na njaa, salfeti huganda juu ya vibao vya risasi, na ikishakomaa hapo haitoki tena. Ongeza joto letu hili, ambalo huharakisha kuchakaa kwake, nanyi mtaona kwa nini haidumu.

Kwa betri zenye vifuniko vya kufungua, chungulieni maji kila mwezi, yafunike vibao. Yakipungua, ongezeni maji safi yasiyo na madini, yale yanayouzwa kwa kazi hiyo. Msitie maji ya bomba, na ya kisima ndiyo kabisa. Tena msikubali fundi amimine asidi eti "aiamshe". Kinachopotea kwa joto ni maji, asidi imebaki mle mle. Ukiizidisha, itavila vibao, na siku chache za nguvu utazilipa kwa betri nzima.

Mkiazima moto kwa jirani, waya mwekundu uende chanya kwa chanya. Mweusi uanze kwenye hasi ya betri nzima, umalizie kwenye chuma kitupu cha injini ya gari bovu, mbali na betri. Betri hutoa haidrojeni, na cheche moja karibu nayo inatosha kuipasua usoni pako. Sigara ikae mbali.

Mengine ni mafupi. Oili pimeni gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa dakika kadhaa. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, msiliwashe tena. Rejeta isifunguliwe ikiwa ya moto. Upepo wa tairi ni ule ulioandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, na tarakimu nne ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Anayeogopa gharama ya sevisi atalipa gharama ya injini.

Mwisho, betri ikifa kweli, isitupwe jalalani wala kuuzwa kwa yeyote apitaye na mkokoteni. Ndani yake mna risasi. Hapa hapa Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia watu sumu hiyo, watoto wakiwemo. Phyllis Omido, ambaye mwanawe pia aliathirika, alipigania mpaka kikafungwa, akapewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, nao wakaendelea kuzungushwa kwa rufaa. Kila betri mnayoifukuza kabla ya wakati wake ni mzigo mnaompelekea mtu mwingine. Mrudishieni muuzaji anayepokea zilizokufa.

Basi, Jumamosi hii kabla ya chai, kila mmoja afungue boneti: apime volti gari likiwa limezimwa na likiwa linawaka, akaze vibano, achungulie maji na oili. Aandike alichokiona kwenye karatasi. Atakayenipigia bila karatasi hiyo mkononi, nitamwambia akapime betri kwanza.